Wafu wetu wapewe mwili: kazi ya Freddy Tsimba inatuhusu sisi wa mashariki

Kila tarehe 2 Agosti inchi yetu inakumbuka wahanga wa vita, siku inayoitwa Genocost. Viongozi wanatoa hotuba, maua yanawekwa chini, na hesabu ya wafu inatajwa: mamilioni. Lakini nani amewahi kuona milioni moja ya watu kwa macho yake? Neno linapita, watu wanarudi nyumbani. Kwa hiyo nauliza: huku Kisangani, Beni, Bukavu na Goma, tutawasimamishia wapendwa wetu alama gani?

Kuna Mkongomani ambaye amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Freddy Tsimba alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1967. Alisoma uchongaji kwenye Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, kisha akajifunza kwa wahunzi namna ya kuyeyusha na kuunga vyuma. Anaokota vitu vilivyotupwa: maganda ya masasi, vijiko, funguo, mitego ya panya. Anaviunga kwa moto, kimoja kimoja, mpaka vinakuwa mtu.

Mara nyingi mtu huyo hana uso. Huwezi kutafuta huzuni machoni mwake. Unaiona mgongoni, mabegani, kwenye mikono. Kuna wanawake wajawazito wenye ngozi ya maganda ya masasi. Chuma kilichotengenezwa kwa kuua kimebeba mtoto tumboni. Mama wa Beni hahitaji mtu wa kumfasiria jambo hilo. Na kwa sababu uso haupo, kila mmoja anaweza kuweka pale uso wa mtu wake.

Tsimba alijenga pia nyumba nzima ya mapanga 999. Kwetu panga ni chombo cha shamba, linalisha familia. Lakini tangu Oktoba 2014, katika eneo la Beni, panga limekuwa pia jina la kifo. Nyumba ambayo kuta zake ni mapanga inasema wazi hofu ya mtu anayelala bila kujua kama atafikia asubuhi.

Kazi zake zimesafiri mbali. Tangu mwaka wa 2007, sanamu yake ya mama na mtoto iko Bruxelles, katika mtaa wa Matonge. Mwaka wa 2018 nyingine iliwekwa Paris, kwenye jumba la Chaillot, pale ambapo Tangazo la haki za binadamu lilipitishwa mwaka wa 1948. Ni heshima kubwa. Lakini watu wa Ulaya wanapita mbele ya maumivu yetu wakienda kazini, na sisi tuliozika, wengi wetu tunayaona kwenye simu tu.

Wengine watasema: watu wanalala njaa kambini, bunduki bado zinalia, sanamu ya nini? Wana haki ya kuuliza. Feza ya dawa na chakula isiguswe hata kidogo. Lakini sheria ya Desemba 2022 juu ya fidia kwa wahanga, na mfuko wa FONAREV, zipo kwa ajili ya watu hao. Kukumbukwa ni sehemu ya fidia. Mtu aliyepoteza watoto wake hawezi kulipwa kwa feza peke yake.

Wengine wataogopa kwamba maganda ya masasi yataamsha vidonda. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu wahanga waulizwe wa kwanza, hasa wanawake, kabla ya chuma kuwekwa kwenye moto. Wakikataa masasi, kuna vijiko na funguo. Aliyekimbia vita anajua maana ya ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuungua.

Goma ilishatuonyesha njia. Kwenye rond-point Chukudu sanamu ni ya mtu wa jasho na chukudu yake. Watu wameikubali mpaka imekuwa alama ya mji, kwa sababu wanajiona ndani yake. Basi anayeomboleza naye apate nafasi yake. Na kazi isitoke yote Kinshasa: vijana wa Goma, Butembo na Bukavu wanaounga milango na vitanda vya chuma kila siku waitwe wafanye pamoja na bwana huyo, wajifunze kwake, naye ajifunze kwao yale waliyoyaona.

Wabunge na viongozi wa majimbo yetu waombe jambo hili sasa, lisingoje hotuba ya mwaka ujao. Mama ambaye hakupata hata kaburi la mtoto wake awe na mahali pa kwenda, aweke mkono wake juu ya bega la chuma, na alie.