Malaika Asiye na Mabawa

Mwambie mwanao achore malaika. Ataanza na mabawa. Je, nani aliyemfunza hivyo?

Mjini Roma, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, mna picha ya karne ya 3 inayoaminika kuwa ya Gabrieli akimpasha Maria habari. Hana mabawa, ni mtu tu aliyenyosha mkono. Mabawa yalikuja baadaye. Wataalamu wengi husema wachoraji waliyaiga kwa sanamu za mungu wa kike wa ushindi wa Warumi.

Si kwamba maandiko hayayataji. Maserafi wa Isaya wana mabawa sita, nayo Kurani, sura ya 35, husema malaika wana mawili, matatu na manne. Lakini wageni waliomfikia Ibrahimu, katika Biblia na Kurani pia, walionekana kama wapita njia. Naye aliwaandalia ndama kabla ya kujua ni akina nani.

Sisi je? Mgeni akibisha hodi jioni, kwanza twatazama viatu vyake. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusingoje kuona mabawa ndipo tufungue mlango.