MJI NA UJE KWA MLANGONI

Ndugu wananchi, wako watu wanaodhani kuwa mji huota kama uyoga baada ya mvua. Sisi tunasema sivyo. Mji huanzishwa na watu wenye shabaha yao. Asiyeuliza shabaha hiyo mapema ataijua siku shamba lake litakapopandwa mawe ya mpaka.

Tazameni Same. Wadachi walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, na kufikia 1912 ilikuwa imefika Moshi. Je, ilijengwa ili Mpare aende kumsalimu shemeji yake? Hata kidogo! Ilijengwa kuteremsha mazao hadi bandarini. Ilipita upande wa magharibi wa milima, na Same ikapata stesheni; chini ya Waingereza likasimama boma, na maduka yakafuata. Maore, iliyo mashariki ya milima, ikaachiwa njia ya vumbi ya kupitia Kisiwani. Hivyo mahali pakavu pakawa mji, na mahali pa mpunga pakabaki kijiji. Mkoloni hakuuliza watu watakunywa nini. Mradi mkubwa wa kuleta maji Same kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, zaidi ya miaka mia moja baada ya reli!

Lakini wananchi hawakukaa kimya. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, bomani kwa mkoloni, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Kulipa hawakukataa, walichokataa ni kukadiriwa mali zao bila wao kujua kipimo. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama mbele ya watawala. Mwishowe kodi ile ikaachwa. Hilo ndilo fundisho la Same: boma lilijengwa bila wananchi, lakini halikuweza kutawala bila wao.

Sasa zamu ni ya Maore. Tangawizi inateremka kutoka milimani, mpunga unavunwa bondeni, na palipo na mazao maduka huja. Sisi hatuupingi mji. Tunapinga mji unaokula kijiji kilichouzaa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji ngao: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Lakini kijiji kikishageuzwa mji mdogo, halmashauri yake hufa, na mkutano mkuu huzikwa pamoja nayo. Hubaki vitongoji na mamlaka ya mji. Anayengoja siku hiyo ndipo aseme, atasemea nje ya mlango.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tunayadai mapema. Kwanza, mifereji na mashamba ya mpunga yaandikwe katika ramani kabla ya kiwanja cha kwanza kupimwa. Pili, mwenye shamba alipwe fidia kabla ya kuhamishwa, na awe wa kwanza kupewa kiwanja. Tatu, eneo la soko, shule, zahanati na makaburi litengwe kabla wenye fedha hawajachagua pao.

Watatokea mabwana wa kutucheka: mkulima ajua nini habari za kupanga miji? Tunawajibu hivi. Babu zetu walichimba ndiva, wakagawana maji kwa zamu, wakazitengeneza kwa msaragambo, bila ofisi wala mhuri. Watu walioweza kugawana maji ya mlima watashindwaje kugawana mtaa?

Basi mkutano mkuu ukiitwa, nendeni wote, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Ulizeni, andikeni, pigeni kura. Anayelala nyumbani siku ya mkutano asilie siku ya mawe. Mji na uje Maore, lakini uje kwa mlangoni, ubishe hodi, nasi wenyewe ndio tuuambie: karibu!