Shabaha Kabla ya Darubini

Watumishi na walimu waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa pale Makutupora, Dodoma, ama kabla ya mafunzo ya lazima kusitishwa mwaka 1994 ama baada ya kurejeshwa mwaka 2013, hawajakisahau kile chuma kidogo kilichosimama karibu na ncha ya mtutu. Walifundishwa kukikazia macho chuma hicho na kuiacha shabaha iwe ukungu. Fundisho hilo huonekana kinyume cha akili, lakini msingi wake ni maumbile ya jicho: haliwezi kuona sawasawa, kwa wakati mmoja, mwanya wa nyuma, chuma cha mbele na shabaha iliyo mbali.

Nchi zenye uwezo zimekwisha liondoa tatizo hilo kwa vioo. Wasovieti waliiwekea bunduki ya Dragunov ya mwaka 1963 darubini ya PSO-1, inayokuza mara 4. Waingereza, katika miaka ya 1980, waliwapa askari wao wa miguu bunduki ya SA80 yenye darubini ya SUSAT, nayo ya mara 4. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilianza mwaka 1975 kutoa kioo cha nukta nyekundu, kisichokuza kitu, ila humwezesha mpigaji kulenga macho yote mawili yakiwa wazi.

Je, SMG na SAR zetu nazo zivikwe vioo? Hoja hiyo ina uzito, maana katika uwanda wa kati mtu huonekana kutoka mbali. Lakini uwanda huo huo una masharti yake. Adhuhuri ya Oktoba ardhi ikishapata moto, hewa hucheza, na darubini huukuza mchezo huo pamoja na shabaha. Hukuza vilevile mtetemo wa mkono. Vumbi halihitaji kuelezwa kwa mkazi wa Dodoma. Na upepo wa kiangazi huisukuma risasi kando, awe mpigaji ametazama kwa kioo au kwa chuma.

Wanamgambo walioitwa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 walilenga kwa chuma. Hatusemi kwamba ushindi ule ni ushahidi wa ubora wa chuma. Askari wa Amin nao walikuwa na chuma hicho hicho.

Kati ya vioo hivyo viwili, sisi tunaipa nukta nyekundu nafasi ya kwanza. Mwalimu wa miaka 45 anayelisogeza daftari mbali ili alisome anajua kwamba chuma cha mbele hakimtii tena. Nukta humrudishia alichopoteza. Darubini iwe ya wachache waliofuzu.

Hata hivyo, kila kioo lazima kioanishwe na mtutu wake kwa risasi halisi, na kikaguliwe tena kila kinapofunguliwa au kugongwa. Bunduki nyingi za zamani hazina hata reli ya ubavuni ya kukifungia. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye risasi za mazoezi na viwanja vya shabaha. Kijana aliyepiga risasi chache tu, akikosa, hawezi kujua kama kosa ni la kioo, la upepo, au la kidole chake.