Umeomoka kwa LinkedIn, Lakini Umesoma Ulichosaini?

Manze, hizi picha mnazijua. Wasee watatu, tisheti nyeusi, meno nje, ofisi ya Kilimani ama Westlands, na chini imeandikwa wamepata mamilioni ya dola. Comments zinajaa moto, kila mtu anasema mbogi imeomoka. Lakini kuna mtu hayuko kwa hiyo picha, na yeye ndiye ameandika nani ataomoka na nani atarudi kwa mama: wakili.

Kumbuka Copia. Mwanzo wa 2022 walitangaza dola milioni 50. Mei 2024 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi, na wafanyakazi zaidi ya 1,000 walikuwa washapewa notisi. Sendy ilianguka 2023. Kune, ile ya chakula, haikumaliza hata miaka miwili. Kampuni ikifika hapo, sheria ya ufilisi ya 2015 inapanga foleni ya kulipwa, na wenye hisa wako nyuma kabisa. Hata yule mwanzilishi uliyekuwa unamwonea wivu.

Sasa sikia hii, hata kampuni ikiuzwa vizuri foleni bado iko. Tuseme mwekezaji amekupa milioni 200 akachukua asilimia 20. Mambo yanakuwa magumu, mnauza kampuni kwa milioni 250. Wewe unapiga hesabu: asilimia 80 ni yangu, hiyo ni milioni 200, nianze kutafuta ploti Ruiru. Tulia. Kwa mikataba mingi ya aina hii kuna kipengele kinasema mwekezaji anatoa pesa yake kwanza. Anachukua 200, inabaki 50. Na kama wakili wake alikuwa mkali, mwekezaji anarudi tena kuchukua asilimia 20 ya hiyo 50. Wewe na wenzako mnabaki na milioni 40, miaka sita ya kulala ofisini ikiwa imeisha.

Siwezi kuwaita wezi. Wengi wao pesa hupotea kabisa, so lazima wajikinge. Shida ni kwamba wao wanakuja mezani na wakili wa kusoma haya mambo kila siku, na wewe unakuja na binamu yako anayefanya kesi za ardhi. Na wueh, ngoja uskie: mara nyingi mkataba unasema kampuni yako ndiyo italipa ada ya wakili wa mwekezaji, ikatwe kwa hiyo pesa mpya. Yaani unamlipa mtu aliyekufinya.

Hata yule wakili mnamwita "wetu" ni wa kampuni. Siku wewe na mwenzako mtakosana, ama bodi ikitaka kukutoa, yeye anasimama na kampuni. Kama ulimwambia siri zako zote kwa kahawa, pole. Yako mwenyewe unatafuta wako mwenyewe, hata kwa masaa mawili tu kabla ya kusaini.

Kuna pia mambo ya Delaware. Wawekezaji wa nje hupenda kampuni isajiliwe huko Marekani, juu sheria zake wanazijua na mahakama zake wanaziamini. So ile ya Nairobi inakuwa mtoto wa ile ya Delaware. Ukienda eCitizen ukatoa CR12, unaona mwenye hisa ni kampuni ya Marekani. Jina lako halipo, na hiyo si lazima iwe wizi. Lakini basi uliza: kwa ile ya juu, jina langu liko wapi, na karatasi iko wapi?

Naongea hivi juu yalinipata. Nilipoacha chuo, beste yangu aliniambia niandike kila kitu cha programu yake, tovuti mpaka matangazo, nitapata asilimia 5. Tulikubaliana kwa kibanda ya chapo, mkono kwa mkono. Mwaka mmoja baadaye pesa ikaingia. Wakili akauliza nani ana hisa, beste akataja majina mawili. Langu halikuwa. Nilipompigia alisema, "Buda, sikujua huwa inaandikwa."

Na sidhani alikuwa anadanganya. Hata kama ingeandikwa, kwa kawaida hisa za waanzilishi zinakuja polepole kwa miaka 4, na ukitoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha unaenda mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimefanya miezi 14. Nimepiga hiyo hesabu mara nyingi usiku.

Beste bado tunasalimiana. Juzi amenitumia karatasi ya masharti ya mwekezaji mpya, kurasa 9, akaniuliza kama niko na wakili namjua. Nilimtumia namba. Kisha nikamwambia aanze na ukurasa wa 4, penye wameandika nani analipwa kwanza.