Kura ya Bwera Haiponywi na Mgeni

Kila baada ya miaka mitano, kampeni za uchaguzi mkuu zinapoanza nchini Uganda, imani moja hurudi na kuenea kutoka mikutano ya vyama vya upinzani hadi ofisi za wafadhili, na kutoka vyumba vya habari vya Kampala hadi miji ya mpakani kama Bwera: kwamba kura italindwa waangalizi wa kimataifa wakija, na kwamba imekwisha kupotea wakikataa kuja. Methali ya kale husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kuwa wengi wanaoutarajia uponyaji huo ni watu walioumizwa na chaguzi zilizopita, si rahisi kuwapinga bila kudhaniwa kuwa mtetezi wa wale waliowaumiza. Hata hivyo imani hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa, kwani humwondolea mpiga kura wajibu ambao hakuna mtu mwingine anayeweza kuutekeleza kwa niaba yake. Historia ya wilaya ya Kasese, ambamo Bwera imo, iliyo chini ya milima ya Rwenzori mpakani mwa Kongo, inatosha kulithibitisha hilo.

Mwangalizi wa kimataifa wa uchaguzi ni mtu anayealikwa na nchi husika kutazama, kuuliza, kuandika na kutoa tathmini, bila mamlaka ya kuamuru wala kuzuia jambo lolote. Azimio la Kanuni za Uangalizi wa Kimataifa wa Uchaguzi, lililozinduliwa katika Umoja wa Mataifa mnamo Oktoba 2005, linamkataza kuuingilia mchakato anaoutazama. Kwa hiyo akiona sanduku linajazwa kura bandia, wajibu wake ni kuliandika tukio hilo, si kulikomesha. Idadi nayo ina ukweli wake. Katika uchaguzi wa 2016 Uganda ilikuwa na vituo 28,010 vya kupigia kura, na ikichukuliwa kwamba ujumbe una watu 150 wanaotembea wawili wawili, na kwamba kila jozi inafika vituo 10 kwa siku, ujumbe huo utaviona vituo 750, yaani chini ya asilimia 3 ya vyote. Sampuli ya namna hiyo yaweza kutosha kueleza hali ya jumla ya nchi, lakini haiwezi kuilinda kura iliyopigwa katika kijiji kimoja cha mlimani juu ya Bwera, wala wale walioubuni uangalizi hawakuwahi kudai kwamba inaweza.

Uganda ilipaswa kuwa ya kwanza kulitambua jambo hili, kwa sababu ililipa gharama yake mapema. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulitazamwa na kundi la waangalizi wa Jumuiya ya Madola, ambalo taarifa yake ya awali iliukubali kwa jumla kuwa halali, ingawa wagombea 17 wa chama cha UPC walikuwa wamepita bila kupingwa, na ingawa Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa ikitawala, alijitwalia kwa amri mamlaka ya kutangaza matokeo wakati kura zilipokuwa zinahesabiwa. Mnamo Februari 1981 Yoweri Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu bungeni, aliingia msituni, na nchi ikapigana hadi 1986. Kiti hicho kimoja kilitoka Kasese, kwa Crispus Kiyonga. Muhuri wa wageni haukuwashawishi walioshindwa, haukumzuia aliyezishika kura, na haukuiepusha nchi na vita.

Miaka 36 baada ya uchaguzi huo Kasese ilirudia kutoa fundisho lile lile kwa njia nyingine. Katika uchaguzi wa Februari 2016 Kizza Besigye wa chama cha FDC alimshinda Rais Museveni katika wilaya hiyo, FDC ikachukua viti vingi vya ubunge, na Kiyonga yule yule, wakati huo akiwa Waziri wa Ulinzi, akakipoteza kiti cha Bukonzo Magharibi, jimbo ambalo Bwera imo ndani yake. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, ulioongozwa na Eduard Kukan, ulifanya kazi ya dhati: ulisema wazi kwamba Tume ya Uchaguzi ilikosa uhuru na uwazi, na kufikia Aprili ulikuwa umetoa ripoti yake ya mwisho yenye mapendekezo 30. Lakini ratiba ya uangalizi na ratiba ya siasa za Kasese hazikulingana. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, watu waliuawa katika machafuko yaliyoikumba wilaya hiyo na jirani yake Bundibugyo. Kisha, mnamo Novemba 26 na 27, mapigano kati ya vikosi vya usalama na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu yaliishia kwa kushambuliwa kwa kasri ya Mfalme Charles Wesley Mumbere mjini Kasese. Polisi walitaja vifo 87. Uchunguzi wa Human Rights Watch ulionyesha kwamba waliouawa walizidi 100. Mfalme alikamatwa, na mashtaka dhidi yake hayakuondolewa hadi Juni 2023.

Itakuwa makosa kudai kwamba mauaji hayo yalitokana na kura peke yake, kwa maana mgogoro wa Rwenzururu ulianza kabla ya uhuru, Wakonzo na Waamba walipokataa kutawaliwa na ufalme wa Toro na kutangaza dola yao mnamo Juni 1962. Lakini hapo ndipo imani katika waangalizi inapoonyesha udhaifu wake mkubwa. Kampeni ya Kasese haianzi siku Tume ya Uchaguzi inapopuliza kipenga. Huanza pale linapofufuliwa pendekezo la kuigawa wilaya na kuifanya Bwera kuwa wilaya inayojitegemea, jambo ambalo wapo wanaoliona kuwa huduma inayosogezwa karibu na wananchi, na wapo wanaoliona kuwa njia ya kuuvunja ufalme. Huendelea katika mazungumzo ya Kikonzo ambayo mgeni hayasikii. Na huhitimishwa miezi mingi baada ya matokeo, wakati kila upande unapohesabu nani alimpigia nani. Mwangalizi anayefika wiki sita kabla na kuondoka wiki chache baadaye huiona sehemu ndogo tu ya mchakato huo, tena ile iliyoandaliwa ionekane.

Hata kile anachokiona, mara nyingi hana namna ya kukipima. Mfano ulio wazi zaidi ni askari wa jeshi aliye barabarani. Watu wa Bwera na mji jirani wa Mpondwe wanajua kwa nini jeshi lipo mpakani: waasi wa ADF waliivamia Mpondwe mnamo Novemba 1996, na mnamo Juni 2023 waliua watu 42, wakiwamo wanafunzi 37, katika shambulio la shule ya sekondari ya Lhubiriha. Askari huyo huyo anayeulinda mpaka dhidi ya waasi anaweza, katika majira ya kampeni, kuwa kitisho kwa mfuasi wa upinzani anayekwenda kwenye mkutano, na anaweza pia kuwa hivyo viwili kwa siku moja. Anayeweza kutofautisha doria na vitisho ni mkazi anayezijua barabara, nyuso na mazoea ya mahali pale, si mtu aliyeshuka juzi kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe.

Uchaguzi wa Januari 2021 uliianika imani hii kabisa. Umoja wa Ulaya haukuleta ujumbe, ukieleza kwamba mapendekezo ya awali hayakutekelezwa. Marekani ilifuta uangalizi wake baada ya zaidi ya asilimia 75 ya maombi yake ya vibali kukataliwa. Na mwishoni mwa Desemba 2020 Tume ya Uchaguzi ilikuwa imesimamisha mikutano ya kampeni katika wilaya kadhaa, Kasese ikiwamo, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni ugonjwa wa korona. Walioamini kwamba mgeni ndiye mlinzi walijikuta hawana mlinzi. Ikumbukwe kwamba serikali haikuwabana wageni pekee: muungano wa kiraia wa CCEDU ulisimamishwa na Tume ya Uchaguzi mwaka 2018, na mtandao wa NEW-U, ulioundwa ili wananchi wauangalie uchaguzi wao wenyewe, ulizuiwa mnamo Oktoba 2020. Watawala hupenda kusema kwamba waangalizi wa nje ni mkono wa wakoloni. Madai hayo hayana uzito, kwa kuwa serikali inayochukizwa na ukoloni tu isingekuwa na sababu ya kuwanyamazisha wazalendo wanaofanya kazi ile ile. Kinachoogopwa ni shahidi, na shahidi anayeogopwa zaidi ni yule asiyeondoka.

Watetezi wa uangalizi wa kimataifa wana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kuwapo kwa wageni humtia hofu mwizi wa kura. Huenda ni kweli katika kituo walichosimama, kwa muda waliosimama pale, lakini wizi hauna haja ya kufanyika mbele yao wakati vituo vilivyobaki ni zaidi ya asilimia 97. Ya pili ni kwamba ripoti zao hubaki kuwa kumbukumbu na kigezo cha mageuzi. Hii ni hoja nzuri zaidi, na haipaswi kupuuzwa. Lakini ripoti isiyo na raia anayeidai bungeni na mahakamani hurundikana juu ya ile iliyoitangulia. Tena hukumu ya wageni ina hatari yake, kama Afrika Mashariki ilivyoshuhudia mnamo Agosti 2017, pale wajumbe wenye majina makubwa, akiwamo John Kerry wa Kituo cha Carter na Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, walipotoa tathmini za awali zilizousifu uchaguzi wa Kenya, kisha Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaubatilisha mnamo Septemba 1. Malawi ilifuata mkondo huo: uchaguzi wa Mei 2019, uliotazamwa na jumbe kadhaa za kimataifa, ulifutwa na Mahakama ya Katiba mnamo Februari 2020 kwa ushahidi wa karatasi za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe.

Silaha iliyotumika katika kesi hizo za Nairobi na Lilongwe ilikuwa fomu ya matokeo, na Uganda inayo. Sheria inamruhusu kila mgombea kuwa na mawakala wawili katika kila kituo. Wakala ni mtu anayemwakilisha mgombea wakati wa kupiga na kuhesabu kura, na ana haki ya kutia saini na kupewa nakala ya fomu ya tamko la matokeo, yaani karatasi ambayo msimamizi wa kituo huandika idadi ya kura za kila mgombea kabla ya masanduku kuondoka. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi za kupinga matokeo ya urais za 2001 na 2006, ilikiri kwamba sheria ilivunjwa, lakini majaji wengi wakaamua kwamba haikuthibitishwa kuwa ukiukaji huo uliyaathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kigezo hicho kinaweza kulaumiwa kwa haki, ila kadiri kinavyodumu, kinaweza kushindwa kwa njia moja tu, nayo ni nakala za vituo vingi zilizokusanywa, zikatunzwa na kujumlishwa.

Kazi hiyo haina fahari ya mkutano na waandishi wa habari katika hoteli ya Kampala. Inadai mwalimu au mkulima wa kahawa anayejua kusoma fomu, aliyefundishwa mapema, aliyelipiwa chakula na nauli ili njaa isimwondoe kituoni saa ya kuhesabu, na anayeweza kuipeleka nakala yake kwa pikipiki ya boda boda hadi mahali pa kujumlisha hata mtandao unapozimwa, kama ulivyozimwa nchi nzima mnamo Januari 2021. Inadai pia vyama viache kuwakumbuka mawakala wiki ya mwisho, na wafadhili waelekeze kwa mitandao ya raia sehemu kubwa ya fedha zinazotumika kuwasafirisha na kuwalaza wageni. Waangalizi wa kimataifa waendelee kualikwa, na wakija watendewe kwa heshima na wasikilizwe, lakini wakome kungojwa kama waokozi. Chama kinachotaka kushinda Bukonzo Magharibi, na raia anayetaka kura yake ihesabiwe, wana swali moja la kujibu kabla ya kuuliza kama Brussels itatuma ujumbe: nani atakuwa kituoni Bwera jioni ya kuhesabu, na nakala yake itafika wapi asubuhi?