Tamko la Wakulima Wanaopakana na Jozani Kuhusu Mapito ya Kima Punju

Sisi, wanachama wa chama cha wakulima na wahifadhi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja:

Kwa kuwa hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 2004, ina kilomita za mraba zipatazo 50 tu, na kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee, hula na kulala pia nje ya mpaka: mikokoni, maweni na mashambani mwetu;

Kwa kuwa vichaka vya maweni, ambavyo pia ni maficho ya paa nunga, vinakatwa kwa kuni, mkaa na matanuri ya chokaa, na ardhi yake inauzwa viwanja;

Kwa kuwa chui wa Unguja aliwindwa kwa kudhaniwa kuwa wa wachawi, hata akatoweka machoni petu, nasi hatutaki kima amfuate;

Tunatamka:

1. Jozani isiachwe ikawa kisiwa ndani ya kisiwa. Tunaiomba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ipime mapito ya wanyama kati ya Jozani na misitu jirani, na iyawekee ulinzi wa kisheria kabla ya kutoa kibali kingine cha ujenzi humo.

2. Matuta ya barabarani Jozani yalipunguza vifo vya kima. Yatunzwe, na yaongezwe kila wanapovukia.

3. Mkulima anayeliwa mazao alipwe kwa wakati, na mgao wa mapato ya wageni usomwe hadharani katika kila shehia.

4. Wakulima wenzetu, tuache kumhukumu kima kwa vidaka vya minazi anavyokula. Utafiti uliofanyika hapa hapa na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa ulaji wake haukupunguza mavuno ya nazi.

5. Nasi tunajifunga: mwanachama atakayekata mikoko, kutega au kuwinda kwa mbwa ndani ya mapito atafikishwa kwa sheha na kuvuliwa uanachama.

Hatuombi watu wahamishwe. Minazi yetu na kima wamekaa pamoja tangu enzi za babu zetu. Tunachoomba ni njia ya kupita mnyama ambaye, akikosa pa kwenda hapa, hana Unguja nyingine.

Limetolewa kwa niaba ya wanachama wote,
Mwenyekiti na Katibu