Maji ya visiwa yasifungwe kwa kamba moja

Mwananchi wa Unguja hahitaji kuhubiriwa thamani ya maji. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa hicho kilikaa miezi mitatu bila ya umeme, kufuatia hitilafu katika njia inayoupitisha chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Giza liliudhi, lakini maji ndiyo yaliyoumiza. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka, na kina mama na watoto wakarudi kwenye visima vya kale, ndoo vichwani.

Hatuyakumbushi hayo ili kumlaumu mtu. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulikwisha kulazwa mwaka 2013. Tunayakumbusha kwa kuwa kosa lililodhihirika wakati ule ni kubwa kuliko waya wenyewe: maji ya kisiwa kizima yalikuwa yamefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ilipokatika, hapakuwa na ya pili.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Watazame Maldives. Mji mkuu wa Male uliweka tegemeo lake lote katika mitambo ya namna hiyo. Desemba 2014 moto ulizuka katika kituo chake, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila ya maji ya kunywa, wamezungukwa na bahari pande zote. Ilibidi India na China zipeleke maji kwa ndege na kwa meli.

Wapo pia wanaosema kuwa mvua pekee yatosha. Hao nao watazame Tuvalu, katika Bahari ya Pasifiki, ambako wananchi hutegemea mno maji yanayokingwa mapaani. Mwaka 2011 mvua ziliadimika, matangi yakakauka, na Serikali ikalazimika kutangaza hali ya hatari.

Waya, mtambo na mvua, kila kimoja ni kizuri, na kila kimoja kikiachwa peke yake huangusha. Ndiyo maana tunasema kwamba kisiwa chenye busara hujiwekea akiba ya aina nyingi, na huanza na ile kilichopewa na maumbile.

Akiba hiyo iko chini ya miguu yetu. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika mawe ya matumbawe na kuelea juu ya maji chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Wataalamu wanatufundisha kuwa kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kiasi cha mita 40 chini yake. Maana yake ni nzito. Anayeteka kupita kiasi akayashusha maji kwa mita moja, huikaribisha chumvi kupanda mara nyingi zaidi ya hapo. Kisima kikishaingia chumvi, huenda miaka mingi ikapita kabla hakijapona. Kwa hiyo anayechimba kisima kirefu bila ya kibali, awe mwenye hoteli au mwenye shamba, hachoti maji yake peke yake. Anachota ya kijiji kizima. Na anayejenga nyumba juu ya chanzo cha maji huziba mlango wa mvua na kuuchafua urithi wa wote.

Viongozi wana wajibu wa kuzisimamia sheria za maji bila ya kuangalia sura ya mtu. Pampu kubwa ziwe na umeme wa dharura, wa jua au wa jenereta. Visima vya zamani visafishwe na kupimwa, visigeuzwe majalala. Skuli, vituo vya afya na misikiti iwe mfano wa kukinga maji ya mvua.

Wananchi nao wana sehemu yao. Paa la bati lenye mita 50 za mraba, likinyeshewa milimita 20 tu, hutoa karibu lita 1,000 za maji. Mvua moja ya masika hufika kiasi hicho. Leo maji hayo hutiririka uani, yakachimba msingi wa nyumba na kuishia baharini, na wiki mbili baadaye mwenye nyumba hiyo hiyo hununua maji kwa ndoo.

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mitambo mipya tuipokee kwa mikono miwili, lakini birika na kisima tusivitupe. Masika yajayo yatukute tumejiandaa, kwa kuwa siku kamba itakapokatika tena, bahari haitatunywesha.